Boti ya Skii Iliyotumika au Faiba ya Mashine ya Kupachika: Ulinganisho kwa Mnunuzi wa Mara ya Kwanza Mwanza

Mtu anayetafuta boti yake ya kwanza jijini Mwanza, kwa nia ya kuwavuta watoto na marafiki kwenye skii, yaani mbao za kutelezea juu ya maji, siku za mapumziko, kwa kawaida hujikuta akichagua kati ya vyombo viwili visivyofanana hata kidogo. Cha kwanza ni boti ya skii halisi, iliyoundwa kwa kazi hiyo tu, yenye injini kubwa ya petroli iliyofungwa ndani, ambayo mara nyingi imeingia nchini ikiwa tayari na umri wa miaka 15, 20 au zaidi. Cha pili ni boti ya faiba ya wazi, yenye urefu wa mita tano hivi na mashine ya kupachika nyuma, ya aina inayoonekana kila siku kuanzia Kirumba hadi Luchelele, ambayo haikuundwa kwa skii lakini huweza kuvuta mtu ikiwa mashine yake ina nguvu za kutosha. Kwa macho, ya kwanza hushinda kabla mazungumzo ya bei hayajaanza. Hapa zinalinganishwa zote mbili zikiwa zimetumika, na zikiwa juu ya maji ya Ziwa Victoria, kwa kuwa sehemu kubwa ya ushauri unaopatikana kuhusu boti hizi umeandikwa kwa ajili ya maziwa madogo ya Marekani yenye gati za mbao na fundi kila kona.

Kazi ya kuvuta

Katika kuvuta, boti ya skii haina mpinzani, na hakuna haja ya kuzunguka jambo hilo. Injini yake, ambayo aghalabu ni ya silinda nane na nguvu farasi 240 hadi 330, hukaa katikati ya chombo. Shafti hupita chini kwa mshazari hadi kwenye pangaboi lililo chini ya boti. Na kamba hufungwa kwenye nguzo fupi iliyosimama karibu na katikati ya uzito. Kwa mpangilio huo, mchezaji anapokata upande na kuivuta kamba kwa nguvu zake zote, tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, haliburutwi kumfuata, na mapezi madogo ya chuma yaliyofungwa chini huishika boti kwenye mstari. Mawimbi inayoyaacha nyuma ni madogo na laini. Mashindano ya slalomu, yaani kupita kwa kona kali kati ya maboya, ambamo mwendo wa wanaume hufika kilomita 58 kwa saa, huhitaji chombo cha namna hii.

Mnunuzi wa mara ya kwanza, hata hivyo, hashindani na mtu. Mtoto huinuka juu ya skii mbili kwa mwendo wa kilomita 25 hadi 30 kwa saa, na mtu mzima anayejifunza huridhika na 40. Ralph Samuelson, anayetambuliwa kuwa mtu wa kwanza kuteleza majini kwa skii, alifanya hivyo mwaka 1922 katika Ziwa Pepin huko Minnesota, miongo kadhaa kabla ya boti maalumu za mchezo huo kubuniwa. Faiba nyepesi yenye mashine ya nguvu farasi 40 inaweza kumwinua mtoto au mtu mzima mwembamba ikiwa abiria ni wawili tu. Yenye 60 hadi 90 humwinua karibu kila mtu bila kulalamika. Upungufu wake ni kwamba tezi huyumbishwa na mchezaji mzito, na nahodha hulazimika kuurekebisha usukani muda wote. Kwa anayejifunza, na kwa familia ambayo mwishowe itavuta tyubu la watoto kuliko skii, upungufu huo unavumilika.

Kuna suala la mwinuko ambalo wauzaji wa boti zinazotoka pwani hawalitaji. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kiasi kwamba injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Mashine ya 40 iliyosifiwa Dar es Salaam hufanya kazi ya 36 ikifika Mwanza, na pangaboi lililokuwa sahihi kule huwa zito hapa, hivyo kwamba mashine haifikii mizunguko inayotakiwa na hujichosha bure. Dawa yake ni kufunga pangaboi lenye mlalo mdogo zaidi, kwa inchi moja au mbili, mlalo ukiwa ni umbali ambao pangaboi lingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Kwa mashine ya kupachika, kazi hiyo huchukua muda mfupi ufukweni, kwa spana moja na pini mpya. Kwa boti ya skii, ni lazima chombo kitolewe majini, na pangaboi lenyewe huenda likaagizwa nje ya nchi.

Ziwa lenyewe

Ghuba ya Mwanza si tulivu kama inavyoonekana ukiwa barabarani. Upepo wa kutoka ziwani hupata nguvu kadiri mchana unavyosonga, na mawimbi unayoyainua ni mafupi na yenye kusimama. Ngurumo na dhoruba za usiku nazo huweza kuendelea hadi asubuhi, na ndiyo sababu utabiri wa ziwa unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa unastahili kusomwa kabla ya kujaza petroli. Boti ya skii ina ukingo mfupi na chini yake ni bapa kuelekea nyuma, kwa makusudi, ili isichimbe maji. Ikikutana na mawimbi ya saa tisa alasiri upande wa wazi wa ziwa, hugonga kwa namna inayoumiza mgongo, na ile yenye viti vya mbele vilivyo wazi huweza kuchota maji kwa omo, yaani upande wa mbele. Faiba yenye mkuku mkali hulikata wimbi na kuwarudisha abiria nyumbani wakiwa wamelowa lakini salama. Mwenye boti ya skii atalazimika kujiwekea mipaka ya saa za mapema asubuhi na sehemu zilizokingwa, kwa mfano kusini mwa Luchelele, ambako ghuba hujibana kuelekea Daraja la Kigongo–Busisi.

Kisha kuna mawe. Jiji lenye Jiwe la Bismarck kwenye picha zake zote lina mawe mengine mengi yasiyopigwa picha, yaliyolala nusu mita au mita moja chini ya maji, na kina cha ziwa hubadilika mwaka hadi mwaka kufuatana na mvua, kiasi kwamba jiwe lililokuwa likionekana linaweza kufunikwa na lililokuwa salama likakaribia uso. Mashine ya kupachika ikigonga jiwe, mara nyingi huruka juu yenyewe, na hasara huishia kwenye jani la pangaboi au pini. Boti ya skii haina namna ya kulinyanyua pangaboi lake. Kugonga kwake hupinda shafti, huvunja mhimili unaoishikilia, na wakati mwingine hufungua njia ya maji kuingia ndani.

Magugu maji na nyavu vina hesabu hiyohiyo. Kisiwa cha magugu kikisukumwa na upepo hadi ulipo, mwenye faiba huinua mashine, hunyofoa mizizi kwa mkono na kuendelea. Mwenye boti ya skii huona kipimo cha joto kikipanda kwa sababu tundu la kuvutia maji ya kupoozea limezibwa chini ambako hafiki bila kupiga mbizi. Wavu uliotegwa usiku na kuachwa bila boya linaloonekana hujifunga kwenye shafti kwa namna ambayo huhitaji kisu, pumzi na mtu asiyeogopa.

Fundi na vipuri

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, uamuzi wote unapopatikana, kuliko kwenye bei.

Mashine za kupachika za Yamaha ni sehemu ya maisha ya uvuvi wa ziwa hili. Kuzunguka mialo ya Kirumba na Igombe kuna mafundi waliozikulia, wanaoweza kuifungua kabureta ya stroku mbili huku wakizungumza na mtu mwingine, na kuna maduka yanayouza impela (gurudumu la mpira la pampu ya maji ya kupoozea), plagi, pini na sili za mashine za nguvu farasi 15 hadi 40. Ni kweli kwamba ujuzi huo hupungua unapopanda kwenye mashine kubwa za stroku nne zenye mfumo wa kudunga mafuta kwa kompyuta, na mnunuzi wa mashine ya 90 ya aina hiyo anapaswa kuuliza mapema ni nani mwenye kifaa cha kusoma hitilafu zake. Lakini hata akikosa, njia ya mwisho ipo: mashine inafunguliwa skrubu, inapakiwa kwenye pikapu na kupelekwa aliko fundi, au inauzwa na kuwekwa nyingine. Aliyenunua faiba amenunua vitu viwili vinavyotenganishika, na anaweza kuusamehe ubovu wa kimoja ikiwa cha pili ni kizima.

Aliyenunua boti ya skii amenunua kitu kimoja. Injini yake kwa kawaida imejengwa juu ya bloku ya General Motors ya lita 5.7, au ya Ford ya lita 5.8 kwa zile za zamani, ambazo ni injini imara na rahisi kueleweka kwa fundi yeyote mzuri wa magari, isipokuwa kwamba Mwanza ni mji wa Toyota na vipuri vyake havipo kwenye rafu. Hatari kubwa zaidi hutokana na wema wa fundi wa magari anayetaka kukusaidia. Stata na oltaneta za boti zimezibwa ili cheche zake zisitoke nje, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia kwenye ngama, yaani sakafu ya chini kabisa ya boti, chini ya injini na hauna pa kutokea. Stata ya gari huweza kufungwa mahali palepale, ikawasha injini vizuri kabisa, na siku moja ikailipua boti. Kwa sababu hiyohiyo, feni ya kutolea mvuke inapaswa kuzungushwa dakika nne hivi kabla ya kuwasha. Boti ya skii iliyotumika ambayo feni yake haifanyi kazi, au ambayo fundi ameifunga vipuri vya gari ili kupunguza gharama, isiwashwe hata kwa majaribio.

Ipo pia aina ya tatu, ambayo injini yake iko ndani lakini gia na pangaboi vinaning'inia nje ya tezi. Hununuliwa kwa bei ya kuvutia, na kuna sababu. Mpira wenye mikunjo unaozuia maji kuingia pale mkono wa gia unapopenya ubao wa tezi huzeeka na kupasuka, na ukipasuka boti huzama ikiwa imeegeshwa. Mnunuzi wa mara ya kwanza aiache.

Namna ya kukagua

Fika asubuhi, na kabla ya salamu kuwa ndefu weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ina joto, mwenye mali ameiwasha kabla hujafika, na yawezekana haiwaki kirahisi ikiwa baridi. Atakuambia, «Bosi, haina tatizo lolote, imelala tu.» Kulala ndilo tatizo lenyewe: petroli ya mwaka jana imegeuka gundi ndani ya kabureta, majani ya impela yamekakamaa yakiwa yamejikunja, na sili zimekauka.

Kwa faiba, anzia kwenye mwili wa boti, kwa kuwa mashine inabadilishika. Ndani ya ubao wa tezi mara nyingi mna mbao zilizofunikwa kwa faiba, na maji yakishaingia kupitia tundu la skrubu huzioza bila kuonekana kwa nje. Shika mkia wa mashine, uupandishe na kuushusha kwa nguvu huku mwenzako akiutazama ubao. Ukiona ubao unacheza, au ufa wa nywele unafunguka na kufumba kwenye pembe, umepata jibu. Kisha gonga chini na pembeni kwa mpini wa bisibisi: palipo pazima pana mlio mkavu na mfupi, palipooza mlio hufa. Baada ya hapo fungua skrubu ya chini ya gia na uache matone machache yaangukie kiganjani. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia kupitia sili ya shafti, mara nyingi kwa sababu ya uzi wa nyavu uliojizungusha nyuma ya pangaboi. Pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya kila silinda. Namba zinapaswa kukaribiana, na tofauti ikizidi asilimia 10 hivi uliza kwa nini.

Kwa boti ya skii, vipimo hivyo vyote vinahitajika na vingine vinaongezeka. Zile zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 mara nyingi zina mataruma, yaani mihimili ya kuimarisha mwili wa boti, ya mbao ndani ya faiba, na injini yenyewe imefungwa kwa boliti zinazoingia kwenye mataruma hayo. Jaribu kukaza boliti moja ya kitako cha injini. Ikizunguka bila kukaza, mbao zimeoza, na kuzibadilisha maana yake ni kuitoa injini, kuikata sakafu na kuujenga upya mgongo wa boti, kazi ambayo ni wachache wanaoiweza hapa na ambayo huweza kuzidi bei uliyonunulia. Kwa boti iliyowahi kukaa baharini, uliza kuhusu manifodi za ekzosi: chumvi huzila kwa ndani, na zikitoboka maji huingia kwenye silinda. Boti iliyotumika kwenye maji baridi maisha yake yote, iwe hapa ziwani au kwenye ziwa lingine, ina faida ya kweli katika jambo hili, na inafaa kulipiwa zaidi kidogo.

Jaribio la mwisho kwa zote mbili lifanyike ziwani, likiwa na watu wanne ndani. Kuiwasha mashine kwenye pipa la maji nyuma ya nyumba huthibitisha tu kwamba inawaka. Mashine nyingi za kupachika za stroku nne hutakiwa kufika mizunguko kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika zikifunguliwa hadi mwisho. Isipofika, ni pangaboi zito au ni injini iliyochoka, na jukumu la kuonyesha ni lipi kati ya hayo ni la muuzaji.

Mafuta na mahali pa kuweka

Boti ya skii hunywa lita 20 hivi kwa saa ya kuvuta kwa kiasi, na zaidi sana ikikimbizwa. Mashine ya 60 ya stroku nne hutumia takriban kiasi hicho ikiwa imefunguliwa hadi mwisho tu, na karibu nusu yake katika siku ya kawaida ya kuvuta na kupumzika. Ya stroku mbili hutumia zaidi, tena huongezewa oil, kwa mashine nyingi lita 1 kwa lita 50 za petroli.

Kuhusu mahali, faiba inaweza kuvutwa mchangani na vijana wa mwaloni kwa malipo ya soda. Boti ya skii, ikiwa na mapezi, shafti na usukani chini yake, haiwezi kuburutwa popote, hivyo huhitaji tela lake, gari la kuvuta karibu tani mbili, na mteremko wa zege unaoingia majini, kitu ambacho ni adimu nje ya eneo la Capri Point na baadhi ya hoteli. Asiye na ruhusa ya kudumu ya kutumia mteremko wa namna hiyo asinunue boti ya skii. Mahali pa kushushia pia pasiwe penye majani na maji yaliyotuama, kwa sababu ya konokono wa kichocho. Mchezaji aanzie kwenye kina kirefu.

Jambo moja linaipendelea boti ya skii, nalo si dogo: wizi. Mashine za kupachika huibwa ziwani tangu zamani, kwa kuwa zinabebeka na soko lake lipo, na mwenye faiba asiye na mlinzi hulazimika kuifungua mashine na kulala nayo ndani. Hakuna anayeondoka usiku na injini ya silinda nane begani.

Uamuzi na karatasi

Ningemshauri mnunuzi wa mara ya kwanza anayeishi Mwanza achukue faiba yenye mashine ya 60 au karibu na hapo, na atenge kama robo ya bei aliyonunulia kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Boti ya skii nampendekezea mtu mmoja tu: mwenye uzoefu wa mchezo wenyewe, nyumba au klabu yenye mteremko kwenye maji yaliyokingwa, na fundi anayemjua kwa jina aliye tayari kusubiri vipuri. Akikosa kimojawapo kati ya hivyo vitatu, boti itakaa chini ya turubai.

Kwa vyovyote vile, fedha zisitolewe kabla ya karatasi kuonekana. Usajili na ukaguzi wa vyombo vidogo vya majini uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC, na muuzaji halali hatasita kufuatana nawe hadi ofisini kwao kuthibitisha kwamba chombo ni chake. Linganisha namba iliyopigwa kwenye mashine na ile iliyo kwenye hati, na ikiwa kibao cha namba kimekwanguliwa au kimefungwa kwa skrubu mpya kuliko zinazokizunguka, aga na uondoke. Kwa chombo kilichotoka nje, dai nyaraka za forodha: ushuru huhesabiwa juu ya bei pamoja na bima na nauli, si juu ya bei peke yake, na ambao haukulipwa na muuzaji utamfuata mnunuzi. Andikianeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, ukitaja namba ya boti na namba ya mashine kila moja peke yake, na ukiorodhesha tela, jaketi okozi, nanga na pampu ya ngama, kwa maana vitu hivi huonekana siku ya majaribio na hutoweka siku ya makabidhiano.